Viatu vya Kipaimara

Kila Jumamosi Kija alimsaidia mama yake mdogo, Pudensiana, kupanga viatu vya mtumba kwenye meza yao sokoni Makanyagio. Hapo ndipo alipojifunza kukagua kiatu. Alikunja soli, akanusa kama gundi inawasha pua, akafuata mshono kwa ukucha, kisha akalinganisha vibandiko vya ndani, cha kulia na cha kushoto. Akisema "orijino", wateja walimwamini, na sifa zikamlevya mtoto wa watu.

Shuleni akajifanya hakimu. Wakati wa mapumziko wenzake walimletea viatu, naye akahukumu. Aliyeambiwa "feki" alizomewa mpaka kengele ilie. Kija aliupenda ujuzi wake, lakini kule kuzomea alikupenda zaidi.

Siku moja ya michezo Gratien alikuja na raba mpya nyeupe, zenye jina kubwa ubavuni. Baba yake, mzee Salvatori wa Ilembo, alikuwa ameuza mahindi akamnunulia dukani kwa ajili ya kipaimara. Gratien alipita pembeni mwa njia asizitie vumbi. Hakumwomba mtu azikague.

"Lete nione," Kija akasema.

"Niache, Kija. Ni vyangu."

Luhende, mwenye mdomo mchafu kuliko wote darasani, akamshika Gratien mikono. Kija akamvua kiatu kimoja, akanusa, akang'oa soli ya ndani. Chini yake palikuwa na kipande cha boksi. Akakiinua juu watu wote waone.

"Feki! Kimejazwa boksi la sabuni!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Unashangaa nini?" Luhende akapaza sauti. "Kwao wote feki! Babu yake katoka Burundi. Nyie ni Watanzania feki!"

Kija alijua kuwa maneno yale ni mabaya. Alijua, na bado alicheka. Gratien alimpokonya kiatu, akaondoka akichechemea na raba moja mguuni. Wiki nzima iliyofuata hakuonekana shuleni.

Wiki ilipokwisha, Kija alikisimulia nyumbani kisa hicho kama hadithi tamu. Mama mdogo aliweka mwiko chini. Hakucheka hata kidogo.

"Vaa ndala. Tunaenda Ilembo."

Walimkuta mzee Salvatori uani, akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba. Mimi ni Kija."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa kujua feki?" Mzee aliingia ndani, akarudi na kitambulisho chake cha taifa. "Basi kagua na hiki. Kinuse. Kikunje. Kisha umwambie mwanangu kama sisi ni watu wa hapa, maana mimi haniamini tena."

Kija aliitazama picha ya yule mzee, aibu ikamchoma. Akaanza kulia.

"Nisamehe, baba."

"Usinililie mimi. Uliyemvua yuko ndani."

Gratien alikataa kutoka. Mama mdogo akaomba apewe zile raba, akampa Kija sindano ya viatu na uzi wa nailoni. Kija alishona soli zote mbili mpaka vidole vikamuuma, akakata soli za ndani kutoka kwenye ngozi ya buti kuukuu. Kesho yake mama mdogo alizirudisha mwenyewe Ilembo, akamsihi Gratien arudi shule.

Jumatatu, Gratien akiwa mstarini, Kija alimwomba mwalimu wa zamu ruhusa ya kusema.

"Gratien hakumdanganya mtu," alisema. "Mimi nilimwonea, na Luhende alipomtukana nikacheka. Yeye ni Mtanzania kama mimi."

Mwalimu akamtoa Luhende mstarini, naye akaomba radhi mbele ya wote. Tangu siku ile hakuna aliyemwita Gratien feki.

Jioni Kija alirudi mnyonge.

"Mama mdogo, nimemsalimia, hakuitikia."

"Ataitikia siku akipenda. Hukumwuliza ulipomvua, usimlazimishe leo." Pudensiana akamketisha karibu yake. "Sikia, mwanangu. Aliyevaa feki siye aliyeitengeneza. Mzee Salvatori aliibiwa dukani, na wewe ukaenda kumwibia mwanawe uwanjani. Nilikufundisha kukagua kiatu ili umwokoe mtu kabla hajatoa hela yake. Aliyekwisha kuibiwa hachekwi, Kija. Anafutwa machozi, kisha mnaenda pamoja kwa aliyemwibia."