Sentensi Moja kwa Bi Tunu

Stesheneri ya pale Buguruni, ng'ambo ya soko, ina mashine moja ya kuchapa na foleni isiyokwisha. Jumatatu hiyo Rukaiya alikuwa wa nne, kavaa koti jeupe la duka la dawa na mtandio wa kijani, mkononi ana flashi yake. Mashine ikatoa karatasi za kijana aliyekuwa mbele yake. Zilikuwa sura za msichana mmoja, mara kumi na nne: anacheka, analia, amenuna, amefura kwa hasira.

Rukaiya si mtu wa kuongea na asiowajua, lakini sura zile zilimshinda.

"Samahani kaka. Huyu dada mmemfanya nini?"

"Bado hatujamfanya kitu," kijana akajibu. "Sura ninazo, hadithi yake ndiyo sijaipata."

Jina lake Khalfani, mtoto wa mchonga vinyago wa Kibamba, wazazi wa Newala. Baba alimpa patasi, yeye akaishia kuchora kwenye simu. Akamweleza kwamba anatengeneza hadithi za picha: unafungua simu, sura inatokea, maneno yanapita chini yake, ukifika mahali unachagua mhusika ajibu nini, na hadithi inageuka kwa ulichochagua. Rukaiya akamwonyesha alichokuja kuchapa, kurasa arobaini alizoziandika mwaka mzima. Khalfani akasoma amesimama pale pale. Watu wakampita na kuchapiwa vya kwao, yeye hana habari. Mimi nasema mwanamke anayeandika hahitaji kutongozwa zaidi ya hapo.

Hadithi yenyewe ilihusu binti anayemlea mama aliyepoteza kumbukumbu, na haikutoka mbali. Bi Tunu, mama yake Rukaiya, alikuwa mpika vitumbua aliyejulikana mtaa mzima, na sasa ni mwaka wa tatu anasahau. Alianza kusahau sukari, akaja kusahau njia, mwisho akamsahau mwanawe. Binti wa kwenye hadithi anataka kitu kimoja tu, mama yake alitaje jina lake hata mara moja. Rukaiya naye alikuwa hajaitwa jina na mama yake tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Wakafanya kazi miezi sita, huyu Kibamba, huyu Buguruni, simu zikiunguruma. Kufikia mwezi wa pili walikuwa wanaitana mpenzi. Hadithi ikakamilika, ikabaki sentensi moja. Wenyewe wanaiita loglaini, ile inayokaa chini ya picha kabla mtu hajafungua. Khalfani alimfundisha kwamba ni lazima iseme nani, anataka nini, nini kinamzuia, na akishindwa anapoteza nini. Isipomshika msomaji, anapita zake. Rukaiya akajaribu wiki nzima, kila mara inamrefukia.

"Hii si sentensi mpenzi, hii ni khutba," Khalfani alimtania, na Rukaiya akacheka mpaka Bi Tunu naye akacheka bila kujua wanachekea nini.

Tamasha la hadithi za simu walikokusudia kuipeleka lilikuwa linafunga milango Alhamisi saa sita mchana. Asubuhi hiyo Bi Tunu alitoka nyumbani akapotea. Rukaiya alimtafuta hadi akamkuta sokoni, ameketi na wauza nazi, ametulia kabisa. Simu ilikuwa imebaki jikoni. Khalfani alipiga mara kumi na moja, akaona muda unakwisha, akaandika sentensi mwenyewe akaituma.

Jumamosi, dukani, mwenzake Rukaiya akamsomea kwa sauti kutoka ukurasa wa tamasha huku akimpa hongera: "Binti wa Buguruni aliyependwa kwa dhati lazima ajinasue kwa mama mgonjwa anayemfunga nyumbani, la sivyo atalipoteza penzi la maisha yake."

Rukaiya akatoka nje akapiga simu.

"Khalfani, mama yangu ni kizuizi?"

"Ruka, ile ni kanuni tu. Lazima pawe na kinachozuia."

"Nimekuuliza swali."

"Ni hadithi, mpenzi wangu. Watu wanataka mapenzi."

"Mtaa mzima unaniambia hivyo hivyo. Mama amekukalia, utazeekea hapo. Wewe peke yako ndiye ulikuwa hujaniambia." Akavuta pumzi. "Sasa umeniambia. Tena umeandika."

Akakata simu, akaifunga namba yake.

Khalfani hakuwa mtu mbaya. Kanuni ilikuwa na nafasi nne, moja ilikuwa tupu, na kwa haraka yake akamtia humo mtu wa karibu aliyemwona. Siku ile ile aliiondoa sentensi, na hadithi ikaondolewa kwenye tamasha. Alijaribu kuandika nyingine akashindwa. Wiki mbili baadaye akafungua michoro yake, na hapo ndipo aibu ilipomwingia sawasawa. Binti wa hadithi alikuwa na sura kumi na nne. Mama alikuwa na moja tu, macho ameyainamisha, mgonjwa mwanzo hadi mwisho.

Jumanne iliyofuata akaenda Buguruni, saa ambazo Rukaiya yuko kazini. Mlangoni alikutana na Mwanahawa, mdogo wake Bi Tunu, anayeshinda na mgonjwa. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa kwa shingo upande. Akasema hakumfuata Rukaiya, amekuja kumsalimu mama, na akiruhusiwa ataketi naye kidogo. Mwanahawa alikuwa amechoka, alihitaji mtu amshikie zamu akafue. Akamruhusu. Jioni hakumficha Rukaiya, na Rukaiya akajibu kwamba akitaka kuja aje, ila saa ambazo yeye hayupo.

Basi ikawa kila Jumanne na Alhamisi, miezi miwili. Bi Tunu alimwita Salumu, jina la kaka yake. Siku nyingine alimwita fundi bomba, akamlalamikia maji hayatoki. Siku moja alimfukuza kwa ufagio, na Khalfani akasubiri uani mpaka akasahaulika, akaingia upya na shikamoo yake. Alimwona akiimba, akisengenya majirani waliokufa zamani, akilitia embe bichi chumvi na kufumba macho kwa ukali wake. Kila alichokiona alikichora.

Ijumaa moja, baada ya sala, Mzee Suleiman, mshenga wa Khalfani, akafika kwa Bi Tunu amevaa kanzu na koti, mkononi ana bahasha iliyofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa barua ya posa. Kwa desturi barua hiyo anapewa baba, na baba akiwa hayupo anapewa mjomba, na mjomba Salumu alishanyoosha mkono. Mshenga akamwomba radhi. Barua iliandikiwa Bi Tunu mwenyewe. Mjomba aligeuza bahasha, akaguna, akampa Rukaiya amsomee mama yake.

Ndani mlikuwa na sura kumi na nne za Bi Tunu, na karatasi yenye salamu na sentensi moja: "Kijana wa Kibamba aliyekukosea kwa kukuita kizuizi, kumbe kizuizi ni haraka yake mwenyewe, anaomba kumuoa Rukaiya na kukulea pamoja naye, na ukimkataa atakuwa amepoteza mke, lakini Jumanne na Alhamisi atakuja."

Rukaiya aliisoma kwanza kimoyomoyo, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akaisoma kwa sauti.

Jumanne mchana, Khalfani akiwa ndiyo kwanza anavaa viatu aende Buguruni, simu yake ikaita.

"Khalfani."

"Naam, Ruka."

"Leo sijaenda kazini. Barua nimemsomea siku tano. Kila siku kwake ni mpya."

"Amesemaje?"

"Siku ya kwanza amesema aje. Ya pili amesema aje. Ya tatu amesema yeye ana mume, mumwache."

Khalfani akacheka kidogo, kisha akajizuia. Mume wa Bi Tunu ana miaka tisa kaburini.

"Ya nne amelia, sijui kwa nini. Leo ameuliza huyo binti anayeposwa ni nani. Nikamwambia, Rukaiya. Akalirudia. Rukaiya. Akasema, huyo Rukaiya ana bahati. Amelitaja jina langu, Khalfani."

"Nimesikia, mpenzi."

"Halafu akanishika mkono. Akaniambia, na wewe dada unayenisomea, Mungu akupe mume kama huyo."

Khalfani akaketi na kiatu kimoja mguuni. Upande wa pili alimsikia Bi Tunu akiimba taratibu, na Rukaiya akipenga kamasi.

"Wewe ukamjibuje?"

"Nikasema amina."