Yule Mama Mtu Mzima Asiyekunywa

Simu iliita mlio mmoja mezani, mwenyewe yuko bafuni. Mshonaji hakuwa mwanamke wa kupekua simu ya mumewe, miaka tisa ya ndoa hakuwahi. Siku hiyo shetani gani alimsukuma, hata yeye hajui. Akasoma.

"Yule mama mtu mzima bado yupo, nimekuwekea. Mtulivu, hanywi, kila asubuhi anaamka bila kusumbua. Bwana wake wa kwanza alimtunza vizuri, karatasi zake zote safi. Jumamosi saa nne njoo umchukue."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Karatasi safi, yaani talaka anayo. Kuchukuliwa, yaani analetwa humu humu ndani. Vidole vikaandika kabla akili haijamkataza, kana kwamba ni mumewe:

"Anajua nina mke?"

Jibu halikukawia.

"Ha ha, kaka una vituko. Mwenye mke ndiye anamfaa huyu. Ana nafasi ya watoto hata watatu."

Hapo sasa ndipo palipomchoma. Mwaka juzi walimpoteza mtoto wao wa pekee, siku ile ile aliyozaliwa. Tangu hapo tumbo lilinyamaza, na wao kwa wao wakanyamaziana. Akafuta swali lake na jibu lake, akauacha ule ujumbe wa kwanza, akarudisha simu mahali pake.

Mumewe, seremala, akatoka bafuni, taulo begani.

"Kuna mtu amepiga?"

"Hakuna aliyepiga."

Akaichukua simu, akasoma. "Jumamosi nitatoka kidogo. Kuna mteja."

"Mteja gani?"

"Mteja tu, mke wangu."

"Baba, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Mbona unauliza hivyo?"

"Basi tu."

Mume alipotoka, mshonaji akampigia dada yake.

"Dada, mwenzio naletewa mke mwenza."

"Umesikia kwa watu au umeona mwenyewe?"

"Nimesoma kwa macho yangu haya."

"Usifungashe hata kijiko. Mfuate, kamwone huyo mama kwanza. Kulia utalia baadaye, machozi hayaozi."

Jumamosi akamfuata kwa mbali, kichwa kakifunika mtandio. Mume alikata kona mbili, akaingia kwenye geti kubwa la mabati. Mshonaji akajipa moyo, naye akaingia. Ndani hakukuta nyumba wala mwanamke, ila magari yaliyopangwa safu kwa safu, na dalali mwenye kipara akijipepea kwa gazeti.

"Karibu dada. Unatafuta nini?"

"Namtafuta yule mama mtu mzima asiyekunywa."

Dalali akacheka hadi tumbo likatikisika.

"Umechelewa, dada yangu. Huyo ameshapata mtu. Yule pale, bwana wake mpya kalala chini yake anamkagua."

Akageuka. Palikuwa na gari dogo la kijivu, la milango minne, toleo la zamani, rangi imepauka juu ya paa. Chini yake ilichomoza miguu miwili, na soksi zile alizozitia viraka yeye mwenyewe.

"Hanywi nini?" aliuliza.

"Mafuta, dada. Lita moja unazunguka nayo mpaka unaisahau. Mimi magari yangu nayataja kama watu, ndiyo yanayonilisha. Injini haijawahi kufunguliwa, na vipuri vyake vipo kila kona."

Seremala akajivuta kutoka chini ya gari, shavu lina oili.

"Mke wangu? Umefikaje huku?"

"Nimekuja kumwona mke mwenzangu."

Akamweleza yote, ujumbe aliousoma na swali alilotuma. Alidhani mumewe atacheka. Hakucheka. Dalali naye, mtu wa kujua mambo, akakumbuka ana kazi ofisini.

"Kwa nini hukuniambia unatafuta gari?"

Seremala alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena.

"Ningeanzia wapi? Siku ile uchungu ulipokubana, nilihangaika barabarani saa nzima nasimamisha magari. La jirani lilikataa kuwaka. Tulipofika hospitali, daktari akaniambia tungewahi nusu saa tu, mtoto angeishi. Sikukwambia. Niliogopa utanichukia."

"Hata mimi waliniambia."

"Ulijua?"

"Nilijua. Na kuna usilolijua wewe. Uchungu ulinianza asubuhi, nikauficha ili nimalize gauni la mteja. Ulivyonyamaza miaka hii miwili, nilisema huyu kashajua, ananilaumu moyoni."

"Sikukulaumu hata siku moja."

"Wala mimi, mume wangu."

Wakasimama pale, mwanamume mzima analia mchana kweupe na hajali nani anamwona. Mshonaji akamfuta oili shavuni kwa ncha ya mtandio.

"Nimeyaona mengi yanayometameta," seremala akasema. "Sikutaka la kuringia. Nilitaka linalowaka. Mvua, baridi, saa yoyote, liwake tu."

"Basi liwashe nisikie."

Wakaingia. Akazungusha ufunguo, injini ikaitika mara moja na kutulia. Kila mmoja alivuta pumzi.

"Twende wapi, nyumbani?"

Mshonaji akaukunja mtandio wenye oili mapajani. Walipomzika mtoto, yeye alikuwa bado kitandani hospitali, hawezi kusimama. Walikwenda wanaume. Hakuwahi kuuliza ni wapi, na mumewe hakuwahi kumpeleka.

"Unapakumbuka mlipomlaza?"

"Napakumbuka."

"Nipeleke kwa mwanangu."

"Kwa mwanetu," akasema seremala, akaingiza gia.