Kombe Hulia Akisifiwa

Mwaka 1986 Mastura alipelekwa Marereni kwa mazoezi ya ualimu. Alikuwa na miaka ishirini, mzaliwa wa Malindi mjini. Shule ya chekechea aliyopewa ilikuwa chumba kimoja cha udongo na makuti. Wazazi, wengi wao vibarua wa mashamba ya chumvi, walikuwa wameijenga kwa mikono yao.

Kila asubuhi akina mama waliwaleta watoto wakielekea kazini. Waliingia moja kwa moja hadi darasani. Huyu alimfuta mwanawe kamasi. Yule aliuliza kama ni kweli mtoto wake amekula chaki. Mastura alichoka. Kule chuoni, yeye na wanafunzi wenzake walikuwa wamekwisha kata shauri.

"Wazazi hawa hawajasoma," walikuwa wakisema. "Watatusaidia nini? Kazi yao ni kumleta mtoto na kumchukua, basi."

Mastura akatafuta kadibodi, akaandika kwa herufi kubwa: WAZAZI MWISHO HAPA. Akaipigilia kwenye nguzo, hatua ishirini kutoka mlangoni.

Thoya, baba wa mtoto mmoja aitwaye Kombe, alijua kusoma. Akawasomea wenzake. Walishauriana, wakaona mwalimu ana adabu sana, kwani amewatengea wazazi mahali pao pa kukaa. Kesho yake wakaja na mikeka. Wenye zamu ya mchana walikaa hapo hata saa nne, wakitazama masomo kupitia dirishani na kutoa maoni yao.

"Anaimba vizuri," walisema, "lakini kucheza hajui."

Mastura alijitia hamnazo. Shida yake kubwa ilikuwa Kombe mwenyewe.

Kombe alikuwa na miaka minne na sauti ndogo. Ilipofika saa tatu, jua limepamba moto, alisimama na kusema, "Namala."

Malindi, wazee wakisema "kumala" maana yake ni kumaliza. Mastura akafurahi.

"Umemala? Hodari! Keti."

Kombe hakuketi. "Namala madzi."

"Umemala maji? Vizuri sana! Watoto, mpigieni Kombe makofi."

Watoto wakapiga makofi. Kombe akaangua kilio. Ikawa hivyo kila siku. Mastura akaandika katika daftari lake: "Kombe ni mwepesi wa kumaliza, lakini hulia akisifiwa."

Nyumbani, Kombe alifika midomo imekauka na kichwa kinamuuma. Alikunywa kata tatu za maji bila kupumua. Mamake akaenda kuuliza. Mastura akamwonyesha kadibodi.

"Mama Kombe, mkutano wa wazazi ni mwisho wa muhula."

"Mwisho wa muhula mwanangu atakuwa amekauka kama chumvi!" alisema Mama Kombe. Akaondoka na hasira zake.

Wiki ya tatu akaja Bi Idah, mkufunzi wao wa chuoni, mwenyeji wa Rabai aliyekielewa Kigiriama. Alikuja kumpima Mastura. Alikaa nyuma ya darasa kwenye kibao cha watoto, magoti yamemfika kidevuni. Nje, Mama Kombe alikuwa amefika pia. Alikuwa amekuja kumtoa mwanawe shuleni.

Saa tatu Kombe akasimama. Siku hiyo hakunong'ona. Alipiga ukelele.

"Namala madzi!"

"Umemala maji!" alisema Mastura, akimtupia Bi Idah jicho la fahari. "Watoto, makofi!"

Bi Idah alicheka hata kibao kikapinduka. Na kabla hajainuka, Mama Kombe alikuwa amekwisha ingia ndani.

"Mwalimu! Mtoto anataka maji! Kwetu Wagiriama 'namala' ni 'nataka'!"

Mastura akaelewa. Wiki tatu nzima alikuwa akimpigia makofi mtoto mwenye kiu. Alichota maji mtungini, akamnywesha Kombe kwa mkono wake. Kombe alimaliza kata, akataka nyingine.

"Nisamehe, Mama Kombe," alisema Mastura, macho chini.

Watoto walipokwenda kucheza, Bi Idah alimwita kando.

"Mwanangu, uliwahi kumuuliza huyu mama lolote?"

"Hapana, Bi Idah. Nilidhani mimi ndiye niliyesomea watoto."

"Umesomea watoto. Kombe hukumsomea. Wewe unakaa naye saa tatu kwa siku. Mamake amekaa naye miaka minne. Anajua anavyosema akiwa na njaa, anachokiogopa, kinachomchekesha. Ukimfungia nje, na hayo yote umeyafungia nje. Waulize wazazi. Wape kazi darasani. Mimi nitarudi baada ya wiki sita, alama nitaziandika siku hiyo."

Jioni hiyo Mastura aliichanachana kadibodi. Kisha akapita nyumba kwa nyumba, daftari mkononi. Kila mama alimtajia maneno ya mtoto wake na tabia zake. Mmoja alimwambia mwanawe huogopa chaki kwa sababu anadhani ni dawa ya minyoo. Thoya alileta vifuu vya nazi vya kuhesabia. Mama Kombe akaandaa uji siku ambazo hakuwa na zamu. Nyanyake Kombe, ambaye watoto humwita hawe, alichukua Alhamisi kuwa siku yake ya hadithi.

Watoto waliokuwa kumi na tisa wakawa thelathini na wawili. Kombe akawa haishi kusema.

Bi Idah alirudi siku ya Alhamisi. Hakumwona mwalimu mbele ya darasa. Aliyekuwa mbele ni hawe, akisimulia kwa Kigiriama huku mikono ikiruka. Mastura alikuwa ameketi mkekani katikati ya watoto. Kombe alikuwa amemwinamia sikioni, akimfasiria kila neno taratibu.

"Mastura," alinong'ona Bi Idah, "mbona uko hapo chini?"

"Bi Idah, tafadhali," Mastura alijibu bila kugeuka. "Fisi yuko karibu kutumbukia kisimani."

Bi Idah akavua viatu, akaomba asogezewe nafasi.