Hapana ya Orysia

Foleni ya bisi ilikuwa ndefu kuliko subira ya Orysia Hnatiuk. Ulikuwa muda wa mapumziko katika uwanja wa Hamilton, na ghorofa ya juu wanakokaa waandishi wa habari ilifurika watu, mvuke wa kahawa na harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa theluji. Kazi ya Orysia ilikuwa kuzunguka nchi nzima akiwatazama wachezaji wa hoki ya barafuni wa timu nyingine, kisha kurudi Saskatoon kumwambia meneja wake nani anafaa na nani amekwisha. Watu wa kazi hiyo huishi kwa bisi. Na mbele yake palisimama pandikizi la mtu ndani ya suti ya kahawia, mikono ya koti imeishia juu ya vifundo vya mikono, amekumbatia pakiti tatu na anaagiza ya nne.

"Kaka, unalisha ukoo?" Orysia akamuuliza.

Yule mtu akageuka. Pua ilishavunjika zaidi ya mara moja, kovu lilikata unyusi, lakini macho yalikuwa ya upole ajabu. Alikuwa Armand Doiron, beki mkongwe wa timu ya Wafua Chuma wa Hamilton.

"Nalisha majeruhi," akasema. "Tumekaa kule nyuma kama wakwe."

"Na wewe umeumia wapi?"

"Sehemu ya chini ya mwili."

"Huko chini ni kukubwa, mzee. Kuna goti, kuna kisigino, kuna na mambo mengine."

Armand akaona haya, beki wa miaka thelathini na sita, akampa pakiti moja ya bisi ili anyamaze. Hakumjibu zaidi, na Orysia hakutegemea ajibu. Katika hoki mtu hasemi anapoumwa. Adui akijua, gongo lake litapatafuta hapo hapo. Timu hutangaza "juu" au "chini", basi, na mchezaji huenda akazeeka na siri yake hata mama mzazi asijue ni goti gani.

Mapenzi yaliyoanzia kwenye bisi ile yalikuwa ya simu. Orysia yuko uwanja wa ndege wa Calgary, viatu vimelowa. Armand yuko kwenye basi la timu, wenzake wanamzomea kwa kunong'ona. Armand alimwita Mpelelezi, naye Orysia akamwita Mzee, na kila mmoja aliweka simu karibu na sahani ya chakula kama chumvi. Majira ya joto Armand akaja Saskatoon, akala pirogi za mama yake Orysia, vile viandazi vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, mpaka akafungua mkanda. Kisha Orysia akaenda kwao Armand, Caraquet, mji wa pwani, akafundishwa kufungua chaza na akajikata kidole.

Ilikuwa kule Caraquet, asubuhi moja, alipomwona Armand akishuka ngazi. Alishuka upande upande kama kaa, kiganja kimeshika ukuta, jasho kwenye paji. Alipoinua macho akamkuta Orysia chini amesimama na kikombe.

"Nyonga," akasema. "Ya kushoto. Mfupa umelika. Nilimwona daktari wangu mwenyewe, siyo wa timu. Hakuna mtu mwingine anayejua."

Orysia aliweka kikombe chini. Alipanda akampa bega, wakashuka pamoja. Alijua amepewa nini. Wanawake wengine hupewa pete.

Msimu uliofuata timu ya Orysia, Korongo wa Saskatoon, walicheza vibaya kwa namna ya kuudhi. Kila mara waliongoza karibu mchezo mzima, kisha katika dakika kumi za mwisho mabeki vijana wakaingiwa hofu, na ushindi ukayeyuka mikononi. Nafasi ya kuingia hatua ya mtoano ilikuwa bado ipo, kwa shida. Zilipobaki siku mbili dirisha la kubadilishana wachezaji lifungwe, meneja mkuu, Garth Ledingham, akamwita Orysia ofisini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye huruma, tai yake haikosi doa la haradali.

"Mabeki wangu wanageuka vifaranga waliomwona mwewe," akasema. "Nataka mtu mzima kati yao. Nataka Doiron. Hamilton wako tayari, ila wanamtaka Okemaw."

Jaxon Okemaw alikuwa mshambuliaji wao wa miaka ishirini na miwili, na mji mzima ulivaa jina lake mgongoni.

Orysia akamwambia waziwazi asimuulize yeye, kwani bila shaka anajua habari zake na Armand. Ledingham akacheka, akasema mapenzi ni kikohozi na ligi nzima imeshakisikia.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Nani mwingine amemtazama kwa karibu hivyo? Utu uzima dawa, Orysia. Niambie nimchukue."

Neno moja tu lilitakiwa. Angelisema, na kabla ya wiki kwisha viatu vya Armand vingekuwa mlangoni mwake. Na jambo la kuuma ni kwamba yote aliyoyasema Ledingham yalikuwa kweli: Armand akiwa kwenye barafu, vijana hupumua. Lakini Orysia aliziona zile ngazi. Siku yoyote mshambuliaji mwepesi angempitia kushoto, Armand angegeuka na kuanguka, na Okemaw angeendelea kufunga magoli miaka kumi kwa jezi ya watu wengine. Tena kulikuwa na hofu nyingine chini ya hiyo: aliogopa kuwepo siku mfupa ule utakaposalimu amri mbele ya umati. Ipi ilikuwa hofu ya kazi na ipi ya moyo, hakuweza kuzitenganisha, wala hakujidanganya kwamba anaweza.

"Usimchukue," akasema.

"Kwa nini?"

"Usimchukue tu, Garth."

"Anaumwa?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Akinyamaza, ukimya utajibu. Akisema haumwi, atakuwa amemdanganya mwajiri wake katika kazi yenyewe. Akashika uongo wa kwanza uliomjia.

"Tumeachana. Sitaki kumwona kila asubuhi."

Ledingham akaegemea kiti. Alisema alimdhani Orysia kuwa mtu makini kuliko wote katika jengo lile, na kwamba hawezi kujenga timu juu ya ugomvi wa wapenzi. Aliyasema polepole, bila kufoka, na kwa hiyo yaliuma zaidi. Orysia akatoka amebeba koti lake jekundu mkononi, akalivaa alipofika kwenye gari.

Mkataba wa Armand ulikuwa na kifungu kwamba hapelekwi popote bila ridhaa yake. Kwa hiyo kesho yake Ledingham akampigia mwenyewe. Akamweleza mpango mzima, na kwa kuwa alikuwa muungwana kupita kiasi, akaongeza kwamba anampa pole kwa yaliyowakuta yeye na Orysia, ana hakika watafanya kazi kama watu wazima.

Orysia alikuwa katika mji wa Prince Albert kutazama mchezo, ndani ya gari nje ya uwanja mdogo, kioo kimejaa ukungu, simu ilipoita.

"Mpelelezi," ikasema sauti.

"Mzee wangu. Mbona mapema?"

"Nimeambiwa tumeachana. Nikasema niulize ni lini, nisije nikakosa shughuli."

Orysia akafumba macho. "Garth."

"Amenipa pole kabisa. Mstaarabu yule bwana."

"Armand, nisikilize."

"Nilipakia begi, Orysia. Hata hajamaliza kusema, mimi nishaanza kukunja mashati. Timu inanitaka, na wewe uko hapo hapo. Halafu nasikia hutaki kuniona asubuhi."

"Aliniuliza kama unaumwa."

Orysia akafuta ukungu kiooni kwa kiganja.

"Aliniuliza nikiwa namtazama machoni. Ningenyamaza angejua. Sikuweza kudanganya juu ya nyonga yako, wala sikuweza kuitaja. Nikadanganya juu yetu."

"Lakini ulimwambia asinichukue."

"Ndiyo."

"Hilo siyo uongo."

"Hilo siyo uongo."

Alimsikia akihema. Armand hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hakupaza hata sasa. Alisema nyonga ni yake, na kama inaweza ama haiwezi, yeye ndiye wa kusema.

"Ni yako," Orysia akajibu. "Ndiyo maana sikuitaja. Lakini timu ni yangu, nami ndiye niliyeulizwa."

"Nina msimu mmoja tu, mpenzi. Pengine nusu. Heri ungeniacha nianguke mbele yako, kuliko kuzeeka huku nimekaa na majeruhi."

"Mimi siwezi kukutazama ukianguka," akasema, na machozi yakamtoka palepale, mikono kwenye usukani. "Nisingeweza. Sasa umejua yote."

Armand akasema amwache afikiri, kwani Ledingham anangoja jibu. Simu ikakatika. Orysia akaingia uwanjani akaangalia mchezo mzima, na hata leo hajui nani alishinda.

Dirisha lilifungwa bila jina la Doiron. Ledingham ndiye aliyekuja mwenyewe kwenye meza yake, akavuta kiti.

"Amenipigia," akasema. "Akaniambia: nyonga ya kushoto, mfupa umelika. Dakika kumi na mbili kwa mchezo naziweza, ishirini siziwezi. Kama bado wanitaka, nakuja." Akajifuta uso kwa kiganja. "Maisha yangu yote niko kwenye hoki. Sijawahi kusikia mchezaji akisema hivyo. Nilitaka kumwambia njoo, kwa sentensi hiyo tu. Kisha nikamfikiria Okemaw, nikamwambia asante."

Orysia akafunga daftari lake.

"Ulijua," Ledingham akasema.

"Nilijua."

"Ungeniambia."

"Haikuwa yangu kuisema."

Ledingham akatikisa kichwa taratibu, akakaa pale zaidi ya alivyohitaji. Kisha akamwomba radhi, kwa sauti ya chini, akaenda zake.

Neno la ukweli lina gharama, na Armand aliilipa. Habari za hoki hazikai ndani. Hamilton walipojua kwa nini mpango umevunjika, hawakumrudisha tena kwenye barafu. Alimaliza msimu ghorofani pamoja na majeruhi. Nao Korongo walikosa hatua ya mtoano kwa ushindi mmoja, mchezo wa mwisho, dakika za mwisho, mabeki wakikimbizana wenyewe kwa wenyewe. Wiki nzima watu walipiga simu redioni wakisema tungekuwa na Doiron, tungekuwa na Doiron. Orysia aliwasikiliza huku akiosha vyombo. Hakuwa na hakika kwamba wanakosea.

Simu zao zikawa fupi. Umekula? Nimekula. Kuna theluji? Imeanza kuyeyuka. Hakuna aliyegomba, na hilo lilimtisha Orysia kuliko ugomvi.

Aprili, barafu ilipokuwa ikivunjika mtoni, Armand akaja kwa gari kutoka Hamilton bila kumwambia mtu. Aliwakuta wanawake wa kanisa la mama yake Orysia katika ukumbi wa chini wa kanisa, wakifunga pirogi za Pasaka, vitunguu vinachemka kwenye siagi. Orysia alikuwa kati yao, kitambaa cha manjano kichwani, unga mpaka viwiko. Alisikia mazungumzo yakikatika. Alipogeuka akamwona anashuka ngazi, moja moja, ameshika chuma, na hakujificha.

Mama yake Orysia akamtazama, akavuta kiti kwa mguu, akamsukumia donge la unga uliokandwa. Katika ukumbi ule hakuna mgeni anayekaa mikono mitupu. Armand akaketi, akaanza kufunga pirogi mbaya kuliko zote zilizowahi kufungwa Saskatoon. Wanawake wakarudi kwenye maneno yao, ila kwa sauti ndogo, ili wasikose kitu.

"Niambie kweli," Armand akasema, macho kwenye unga. "Ningekuja, mngefuzu?"

Orysia alifunga moja, akaibana kingo kwa vidole. Angeweza kumfariji.

"Huenda," akasema. "Ushindi mmoja tu, Armand. Dakika zako kumi na mbili huenda zingetosha."

"Na unalala na hilo?"

"Nalala nalo, naamka nalo."

"Garth akikuuliza tena kesho?"

"Nitasema hapana."

Armand akaitua ile pirogi mezani, nayo ikafunguka. Orysia akadhani sasa ndiyo mwisho, amekuja kuaga kiungwana.

"Miaka yote wameniambia ndiyo," Armand akasema. "Kocha, wakala, daktari wa timu. Ndiyo, Armand, unaweza. Ndiyo, mchezo mmoja zaidi. Wote walinipenda, na tazama ninavyoshuka ngazi. Tuoane, Orysia. Nataka kuzeeka na mtu anayeweza kunikatalia."

Hapakuwa na sauti ukumbini ila vitunguu.

"Na nikikukatalia hili?"

"Nitajua umelifikiria."

Orysia akacheka, machozi yakichimba njia kwenye unga wa mashavuni. Alikuwa amelifikiria tangu Caraquet, ngazini. Hata hivyo akalifikiria tena, mbele ya Armand, bila haraka, naye akamngoja.

"Ndiyo," akasema, na kwa kuwa lilitoka kwake, Armand akaliamini.