Mlango wa Wavu

Kila asubuhi kabla ya shule, Nagaveni alinawa mikono kwa maji ya chokaa, akaingia chumba cha viwavi wa hariri na kuwatandazia majani ya mforsadi. Siku hiyo hawakuhitaji majani. Walikuwa wamelala, vichwa juu, wakijiandaa kujivua ngozi. Lakini wengi walikuwa na madoa meusi, na wengine ngozi ilikuwa imewakwama nusu.

"Ni jicho la yule Gouramma!" Bibi alifoka. "Juzi alichungulia hapa akasema, 'Loo, wamenona!' Asikanyage tena kwangu. Na maji akachote kwingine, si kisimani kwangu!"

Gouramma ndiye jirani aliyemsuka Nagaveni nywele tangu utotoni. Wiki iliyopita Nagaveni, akibeba majani, aliona uvivu kufungua na kufunga mlango wa wavu, akauzuia kwa jiwe ukabaki wazi mpaka jioni. Inzi wakubwa waliingia. Aliwaona, akanyamaza.

Alasiri alikuja Bi Shailaja, mshauri wa wafugaji. Alimpasua kiwavi mmoja, akatoa funza mweupe.

"Inzi hutaga yai juu ya kiwavi, na funza huingia ndani," alieleza. "Kiwavi akilala hali kitu. Anategemea sukari na protini zilizomo katika damu yake. Huyu funza amezifyonza. Nguvu za kujivua azitoe wapi? Mliacha mlango wazi?"

"Kwangu? Thubutu!" Bibi akasema.

Nje, Gouramma alipita na mtungi mtupu kuelekea kisima cha mbali, uso chini. Hakumwita Nagaveni kama kawaida. Moyo wa msichana ulimsuta hata akashindwa kuvumilia.

"Bibi, ni mimi," alisema huku akilia. "Niliuacha wazi mimi. Gouramma hana kosa."

Bibi na Nagaveni waliwaokota viwavi wenye madoa, wakawachoma, wakanyunyiza chokaa. Zaidi ya nusu walisalimika. Kisha Bibi akajaza mtungi wake maji ya kisimani, akamshika mjukuu mkono, wakaenda kwa jirani.

"Dada, nilikutukana bure. Nisamehe."

"Kwa hiyo nije kuchungulia tena?" Gouramma aliuliza, akifuta macho.

"Njoo, mama we! Ila ufunge mlango."

Njiani kurudi, Bibi alisema polepole, "Mjukuu wangu, kwa mlango uliouacha wazi nimepoteza viwavi. Wengine nitafuga. Lakini kwa mdomo ulioufunga, nilikaribia kumpoteza jirani. Huyo ningempata wapi?"