Saa ya Nne ya Sauti ya Appa

Walikutana SP Road, kwenye msongamano wa wauza vipuri vya kompyuta, mikono yao ikigombea diski moja iliyobaki.

"Achia, dada. Nimeiona kwanza."

"Wewe umeiona. Mimi nimeishika," alijibu Chaitra, maua ya jasmini yakicheza nyweleni.

Pramod, shati limekunjamana kama gazeti la juzi, akacheka na kuiachia. Wakaishia kunywa kahawa wima mbele ya duka la dosa, zile chapati nyembamba za mchele.

Miaka miwili baadaye, wakiwa wapenzi, Appa, babake Chaitra, aliugua. Pramod ndiye aliyekuwa akimnyoa ndevu na kumrekodi sauti kidogo kidogo, kisha akaunganisha yote: saa tano, faili moja kubwa. Appa akafariki. Siku kumi na tatu za msiba zilipokwisha, Pramod akampa Chaitra faili hilo pamoja na programu aliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya C, ya kuruka hadi saa yoyote utakayoiandika.

"Nenda moja kwa moja saa ya nne, chinna, mpenzi wangu. Appa ana neno juu yetu."

Chaitra akaandika 4. Appa akasema, "Huyu kijana simtaki. Hata shati hapigi pasi."

Akarudia. Yale yale. Akampigia Pramod simu huku analia.

"Umenipa nimsikie baba akikukataa? Mzaha gani huu?"

"Kunikataa? Mbona kwangu inafanya kazi!"

"Nini kinafanya kazi, Pramod? Moyo?" Akakata.

Wiki nzima hakuelewa. Mtu aliyemnyoa Appa kwa mkono mwepesi vile angewezaje? Jumapili akajaribu 3: Appa alikuwa akisimulia shule aliyosoma mjini Mysuru. Akajaribu 4: "Simtaki."

Akaufungua msimbo wa programu, maana naye kazi yake ni kuandika programu. Pramod aliweka mahali pa kusoma ndani ya aina ya namba iitwayo long. Kwenye Linux yake, long ni pana. Kwenye Windows ya Chaitra ni nyembamba: namba ikipita gigabaiti mbili inageuka hasi, na saa ya nne ilikuwa mbele ya hapo. Fseek, amri ya kuruka ndani ya faili, ilikuwa imekataa kuruka, na programu haikuiuliza kama imefaulu. Usomaji ukabaki mwanzoni, kwa Appa wa siku ya kwanza.

Akaweka _fseeki64, ndugu ya fseek anayekubali namba kubwa, na namba ya biti sitini na nne. Akaandika 4.

Appa alikohoa. "Pasi bado hajui. Lakini hajachoka kunisikiliza. Mwanangu, ukimtaka, nami namtaka."

Chaitra akapiga simu.

"Pramod. Fseek ilikataa. Hukuiuliza."

"Long," Pramod akanong'ona. "Windows. Ayyo, chinna..."

"Mjinga wewe. Njoo tuoane."

"Ngoja nipige shati pasi."

"Njoo hivyo hivyo. Appa alishakuzoea."