Kovu la Shavu la Kushoto

Kisanduku cha vioo kilikuwa wazi, na askari mmoja hayumo.

"Walikuwa arobaini na mmoja," alisema Mzee Clinton, aliyeishi peke yake upande wa mbele wa nyumba yake mtaani Bellevue, wapangaji wakiwa nyuma. "Nawajua wote kwa sura. Sina wageni wengine."

Ilikuwa Machi 1998. Kila askari alikuwa picha iliyopigwa juu ya bati jembamba la chuma, karibu miaka mia iliyopita. Inspekta Thabo aliinama. Kufuli zima. Fremu za fedha hazikuguswa. Lililoibwa ni bati lisilo na fremu: askari mweusi, kovu shavu la kulia.

"La kulia pichani," mzee alisahihisha. "Picha za bati hutoka kinyume. Mwenyewe alikuwa nalo kushoto."

"Ufunguo anao nani mwingine?"

"Emiliana, fundi cherehani Mtanzania wa chumba cha nyuma. Hunifagilia nyumba."

Uani, Léocadie, msusi Mkongomani, hakusubiri kuulizwa.

"Mimi sipende maneno ya watu, Inspekta. Lakini ule mama, bwana yake alikufa mwaka jana, na sasa iko anaongea na mwanaume mule ndani! Mwanaume hatoki hata kwenda choo. Eish!"

Thabo alibisha hodi. Alizaliwa Morogoro, wazazi wake, wapigania uhuru wa kusini, wakiwa uhamishoni. Salamu ikamtoka yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pita, angalia pini."

Pini zilikuwa zimetapakaa sakafuni.

"Fundi mzima huna sumaku ya kuokotea pini?"

Emiliana aliinama, akaanza kuokota pini kwa vidole.

"Sumaku iko wapi, mama?"

Macho ya Emiliana yalikimbilia kabati la chuma, mkabala na kioo. Thabo akasogeza gauni lililoning'inia. Sumaku ile hapo, imembana askari.

"Umeiba wewe?"

"Nimemchukua mimi. Nilimwomba mzee mara mbili. Akasema hatenganishi askari wake."

"Kwa nini huyu?"

"Mume wangu Vusi hakuwahi kupigwa picha. Kambini kwa wapigania uhuru ilikuwa marufuku, na tuliporudi huku alishazoea kujificha. Sura yake inanipotea, baba. Huyu ni yeye mtupu, ila kovu. La Vusi lilikuwa kushoto. Ndiyo nikamwelekeza kiooni. Mle ndani anakuwa yeye."

"Kesi hii itakula kibali chako cha ukaazi. Ulijua?"

"Nilijua."

Thabo alibandua sumaku. Kiooni akabaki mama peke yake.

Mzee Clinton alisikiliza habari yote, bati likiwa kiganjani.

"Huwa anaongea naye?"

"Kila siku."

"Mimi sijawahi kuwasemesha." Alimrudisha askari mahali pake. "Futa kesi, Inspekta. Mwambie Jumatatu aje kufagia kama kawaida."

Thabo alikwisha fika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake.

"Na kioo chake aje nacho."